Kabla hujanunua turubai: jinsi ya kujua kama gari lako la mbio litakuwa mali

Karibu kila mwenye Subaru ya turbo anayeingia gereji kwangu hapa Mombasa ana swali lake la pembeni. Akishaeleza mlio anaousikia na moshi unakotokea, hushusha sauti: "Fundi, hii nikiitunza miaka ishirini, si itakuwa mali?"

Wengi hawalipendi jibu langu. Magari mengi ya mbio yanayouzwa leo yatashuka bei mpaka yafike pa kuuzwa spea mojamoja, na hayatainuka tena. Machache yatapanda, tena kwa kishindo. Kabla sijarudi nyumbani nilifanya kazi Dubai, kwenye gereji za Al Quoz, kwa hiyo nimefungua injini za matajiri na za kina sisi. Haya ndiyo ninayomwambia mtu anayetaka kuliweka gari ndani kama akiba.

Mtafute mnunuzi kwanza

Bei ya gari la kumbukumbu hupandishwa na mtu mzima mwenye pesa anayetafuta kile alichokitamani akiwa na miaka kumi na mitatu. Mengine yote huja baadaye.

Tazama hapa kwetu. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza ya buluu. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Subaru tena. Mitsubishi nao hawakulala: Tommi Mäkinen alichukua 1996 na 2001 kwa Lancer. Na Patrick Njiru, Mkenya mwenzetu, alikuwa ameshalizoesha taifa jina la Subaru tangu mwanzo wa miaka hiyo ya tisini. Watoto waliokuwa wamesimama kando ya barabara wakila vumbi lao leo wana miaka arubaini na kitu, wana mashamba, wana vyama vya akiba na mikopo. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, barabara ya Naivasha ilijaa Subaru. Hao ndio soko.

Ughaibuni hadithi ni hiyohiyo kwa tarakimu kubwa zaidi. Mwaka 1998 Subaru walitoa Impreza 22B, magari 400 kwa soko la Japani na machache mno kwa Uingereza na Australia. Ile iliyokuwa ya McRae mwenyewe ilipigwa mnada Uingereza mwaka 2023 kwa pauni 480,500. Kabla ya hapo kuna Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann na mwaka 1973 na Shekhar Mehta. Ilipotoka, Marekani iliuzwa kama dola 3,500, bei ya kijana aliyeanza kazi juzi. Januari 2020 moja ya mwaka 1971, iliyotunzwa kama yai, iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Usidhani kila 240Z ina bei hiyo. Za kawaida ziko mbali sana na hapo. Lakini hakuna mtu wa 1971 aliyeitazama akaona hata robo yake.

Kwa hiyo kabla hujaja kwangu, mwulize mpwa wako wa kidato cha kwanza. Mwonyeshe picha ya gari lako bila kumwambia jina. Akilitaja mwenyewe, tena akakuambia na namba ya injini, una pa kuanzia. Akikuuliza "hii ni Toyota gani?", umeshapata jibu lako bure.

Litatengenezwa tena?

Hapa magari ya sasa yana bahati ambayo ya zamani hayakuwa nayo: mlango unafungwa mbele ya macho yetu. Lancer Evolution (Evo) ya Mitsubishi iliagwa karibu 2015. Subaru walifunga maagizo ya WRX STI ya Japani, ile kali kuliko WRX zao za kawaida za turbo, mwishoni mwa 2019, wakatoa toleo la kuiaga injini ya EJ20, magari 555, namba iliyokuwa ubavuni mwa magari yao ya mashindano. Machi 2022 wakasema hakutakuwa na STI mpya ya petroli. Nissan GT-R R35 ilianza 2007, na ya mwisho ilitoka kiwandani Tochigi Agosti 2025. R35 zote kwa pamoja ni kama 48,000.

Gari la mwisho la ukoo wake lina nafasi. Gari lililotengenezwa ili kampuni iruhusiwe kushindana lina nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hakuna mhasibu ambaye angelipitisha kwa akili yake timamu. Ndiyo maana naiheshimu GR Yaris ya Toyota. Ukiitazama kwa mbali ni Yaris ya kwenda sokoni, lakini bodi yake ni ya peke yake, ina milango miwili, injini ya pistoni tatu yenye turbo, na nguvu zinakwenda magurudumu yote manne. Hakuna anayehitaji kitu kama hicho kubebea unga, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

GR Supra ya 2019 inanigawanya. Injini yake ni ya BMW, na ni injini nzuri, nisiionee. Ila mpenda Supra wa kweli anataka kufungua boneti akute 2JZ, injini ya Toyota ya Supra ya zamani. Kama utaichukua, chukua ile ya gia za mkono iliyoongezwa 2022.

Na hilo la gia za mkono lishike. Ferrari 599 GTB zilizotoka na gia za mkono ni 30 tu, nazo huuzwa kwa bei mara kadhaa ya ndugu zake zinazobadilisha gia kwa vidole nyuma ya usukani, ingawa hizo za vidole ni za haraka zaidi. Mkusanyaji hanunui sekunde.

Uchache wa kwenye karatasi

Muuzaji atakuambia "toleo maalumu, machache tu duniani". Mjibu kwa hadithi ya Corvette ya 1978. Mwaka huo Chevrolet walitoa nakala ya gari lililoongoza mbio za Indianapolis, nyeusi kwa fedha, magari 6,502, bei zaidi ya dola 13,600. Wamarekani waliyanunua na kuyafungia gerejini na karatasi za kiwandani zikiwa bado kwenye viti, kila mmoja akijiona mjanja peke yake. Leo hayo mapya-ya-kale yapo tele, na ukihesabu kupanda kwa maisha tangu 1978, wengi wao wangefanya vizuri zaidi kuweka pesa benki. Kitu kikitunzwa na kila mtu hakiwezi kuadimika.

Porsche 911 R ya 2016 ni funzo jingine. Magari 991, gia za mkono, bei ya Marekani dola 184,900. Kabla wino haujakauka, watu walikuwa wanayatangaza kwa mara mbili tatu ya bei hiyo. Mwaka uliofuata Porsche wakatoa 911 GT3 Touring: injini kubwa ileile ya kupumua yenyewe bila turbo, gia za mkono, bila bawa nyuma, na bila kikomo cha idadi kama kile. Bei za R zikaporomoka. Bado ni gari ghali, lakini aliyenunua kileleni aliumia. Uchache unaotegemea kampuni kuamua kesho isitengeneze kitu kinachofanana haukai.

Sasa geuza upande. Lexus LFA, magari 500 kati ya 2010 na 2012, dola 375,000, injini ya V10 ambayo Yamaha walisaidia kuipa sauti. Watu walicheka: nani atoe pesa hizo kwa Lexus? Miaka mitano baada ya uzalishaji kufungwa, mapya kadhaa yalikuwa bado yamekaa kwa wauzaji Marekani. Leo zile za toleo la Nürburgring huvuka dola milioni moja. Nikiona gari zuri ambalo watu walilikataa likiwa jipya kwa sababu ya beji, huwa nalitazama mara mbili.

Kompyuta ndiyo kutu ya sasa

Hapa ndipo mimi na wauza magari tunapoachana. Wao hutazama rangi na kilomita, mimi nasikiliza mawasiliano.

240Z inakufa kwa kutu na inafufuka kwa nyundo, mtungi wa gesi na fundi mwenye subira. Kabureta yake naweza kuifungua mezani, nikaisafisha, nikairudisha. Gari la 2020 lina kompyuta ndogo kadhaa zinazoongea zenyewe kwa zenyewe kwenye nyaya mbili: ya injini, ya breki, ya usukani, ya mlango, ya taa. Moja ikinyamaza, nyingine zinakasirika na gari haliwaki. Na kompyuta hiyo huwezi kuchukua ya gari jingine ukaichomeka tu; lazima itambulishwe kwa programu ya kampuni, na programu hiyo ina leseni, na leseni ina mwisho. Taa za LED ni kipande kimoja kilichozibwa. Kikiingia maji au kiungo kimoja kikiungua, unanunua taa nzima. Mwaka 2045 utainunua wapi?

Kwa hiyo kabla ya kuliita gari la kisasa akiba, nenda nalo hivi. Tafuta kama kampuni ina mpango wa kutengeneza upya spea za magari yake ya zamani. Nissan walianza kwa Skyline GT-R R32 mwaka 2017 kupitia NISMO, kitengo chao cha mbio, Toyota wakaanza na Supra za A70 na A80 mwaka 2020. Jina lililo ndani ya mipango hiyo lina mtu wa kulilinda. Kisha angalia kama kuna watu wanaotengeneza kompyuta mbadala za injini hiyo. Subaru, Evo na GT-R wanazo kwa wingi, na hilo ni bima kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwisho, hesabu vitu vinavyotegemea intaneti. Gari ambalo ramani yake, funguo yake au nguvu yake huruhusiwa na kampuni kupitia intaneti, mimi silipi pesa ya kumbukumbu.

Magari ya umeme niulize miaka kumi ijayo. Betri ndiyo moyo, na moyo huo unazeeka hata ukilala.

STI ya Kenya: jinsi ya kuikagua

Sheria yetu ya miaka minane ina faida ambayo wengi hawaifikirii. Gari la mtumba haliingii Kenya likiwa limezidi miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, lilipaswa kuwa limesajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye. Maana yake ni kwamba Impreza za miaka ya tisini na za miaka ya elfu mbili zilizomo nchini ndizo hizo tu. Kisima kimefungwa. Kwa hesabu hiyohiyo, GR Yaris za mwaka 2020 mlango wao utafungwa mwisho wa 2027 sheria isipobadilika. Tanzania hawafungi kwa umri, wanaongeza ushuru gari likiwa kuukuu. Uganda tangu 2018 hawapokei lililozidi miaka kumi na mitano.

Lakini kisima kuwa kimefungwa hakufanyi maji yote kuwa safi. Vijana wetu wamezichezea hizi gari. Ekzosi imekatwa, springi zimefupishwa, boneti imetobolewa, turbo ni ya kubahatisha, na kompyuta imeandikwa upya na mtu aliyejifunzia YouTube. Ninapoiona ambayo haijaguswa huwa naita wenzangu waje waitazame. Ndiyo maana nasema: Kenya adimu si STI, adimu ni STI iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani.

Anza na herufi. Kwenye bamba lililo ndani ya boneti, magari ya kati ya mwaka 2000 na 2007 huandikwa GDA kama ni WRX na GDB kama ni STI. Beji za waridi za STI zinauzwa kila duka la spea, lakini bamba halidanganyi kirahisi. Za kabla ya hapo, ukiacha wagoni, WRX na STI zote ni GC8, kwa hiyo itabidi usome namba nzima ya modeli na kuilinganisha. GDB halisi ina gia sita. Ukikuta tano na beji ya STI, mshukuru mwenye gari kwa chai na uondoke.

Kisha linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye logibuku. Injini za EJ20 hufa na hubadilishwa. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa ni tatizo la kisheria na ni shimo kwenye bei. Herufi za namba ya gari nazo husimulia: KB ni za kuanzia 2007, KC karibu 2014, KD karibu 2020. Ukiona Impreza ya 1998 yenye KB, uliza kwa nini, maana ilipaswa kuwa imefika mapema.

Omba karatasi ya mnada wa Japani. Gredi ya 4 au 4.5 ni njema. R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. Karatasi hiyo, cheti cha kuliondoa Japani, daftari la huduma la Kijapani, funguo zote mbili, hata redio ya asili isiyoshika stesheni zetu: vyote hivyo ni sehemu ya gari. Mnunuzi wa Uingereza au Australia, wanaoendesha upande wetu, atataka kuviona.

Hesabu ambayo dalali hakupi

Tuseme umenunua kwa shilingi milioni 3. Bima kubwa tuiweke asilimia 4, yaani 120,000 kwa mwaka. Huduma, tairi na mahali pa kulaza, 80,000. Jumla 200,000 kila mwaka. Ukiikalisha miaka 15, zimetoka milioni 6, tatu za kununua na tatu za kulisha.

Sasa, zile milioni 3 ungeziweka kwenye hati fungani za serikali kwa asilimia 10 na kuacha riba izae, zingekuwa kama milioni 12.5. Zile laki mbili za kila mwaka nazo ukiziweka humohumo, milioni 6.3 nyingine. Ili gari likushinde, liuzwe karibu milioni 19. Baadhi yatafika, mengi hayatafika. Usiponogewa na kuliendesha Jumapili asubuhi, hesabu hii haikubali.

Kulilaza Pwani

Bora ulilaze Nakuru. Kama lazima likae Mombasa, sikiliza.

Turubai ya plastiki ni adui. Inafungia unyevunyevu wa chumvi na rangi inavimba malengelenge. Tumia kitambaa cha pamba kinachopumua, ndani ya nyumba yenye sakafu ya zege na dirisha dogo. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kulilaza. Chumvi hukaa kwenye mikunjo ya fenda usikokuona.

Usiliwashe dakika tano ukazima. Hiyo ni kuingiza maji kwenye oili. Kila wiki mbili liendeshe mpaka oili ipate moto kweli, kama kilomita ishirini, ukitumia gia zote na AC ikiwa imewashwa, kwa sababu sili za AC hukauka zisipopata mafuta. Oili ya breki inanyonya maji ya hewani. Badilisha kila miaka miwili hata kama gari halikutembea. Mkanda wa injini ya EJ wanaubadilisha kwa kilomita laki moja, lakini mkanda hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Tairi zina tarakimu nne za kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Weka upepo kidogo zaidi ya kawaida zisipate ubapa. Petroli iliyokaa miezi mingi inaacha gundi kwenye nozeli.

Na panya. Panya wa Old Town wameniletea kazi nyingi kuliko turbo mbovu. Wanapenda waya laini za magari mapya. Fuga paka.

Kama unataka ekzosi ya kelele, weka, ni gari lako. Lakini ya kiwandani ifunge kwenye boksi pamoja na rimu, springi na valvu ya turbo, uandike juu namba ya chasisi. Nimeona mtu akitafuta rimu zake za asili kwa bei kubwa kuliko aliyouzia injini.

Wakati wa kuuza

Marekani huruhusu gari lisilotengenezwa kwa soko lao liingie likitimiza miaka 25. Skyline GT-R R34 ya Nissan ilitoka Januari 1999, ikaruhusiwa kuanzia Januari 2024, na bei ilikuwa imepanda miaka kadhaa kabla, kwa sababu wajanja walikuwa wameshanunua na kuegesha nje ya Marekani wakingoja kalenda. Kwa GR Yaris tarehe hiyo ni 2045, na mtoto wa leo wa miaka kumi na mitatu atakuwa na thelathini na kitu, ndiyo kwanza anapata mshahara wa maana. Mimi ningeanza kutafuta mnunuzi baada ya hapo, si kabla.

Ukiniuliza mimi pesa yangu ningeiweka wapi, ni GR Yaris ya gia za mkono, kisha GDB ya 2006 isiyoguswa. Mwenye hiyo ya pili, mwenye funguo zake zote mbili na anayetaka kuitoa kwa bei ya mtumba wa kawaida, gereji inafungwa saa kumi na mbili jioni. Jumapili hatupo.